Tiba ya kisaikolojia kupitia mwili: maswali yanayoulizwa sana Kigoma, na yale ambayo utafiti umeonyesha

Maswali haya yanajirudia kwenye vikao vya ushauri nasaha, kwenye semina za wahudumu wa afya ngazi ya jamii, na kwenye mazungumzo ya kawaida kuanzia Mwanga na Ujiji hadi Kasulu na Kibondo. Yamepewa namba ili jibu moja liweze kukupeleka kwenye jingine bila kurudia maneno.

## Mambo ya msingi

1. Hii tiba ni kitu gani hasa?

Ni tiba ya kisaikolojia ambamo mshauri haishii kwenye maneno. Mnaongea, lakini wakati mnaongea anakusaidia kuona mwili wako unafanya nini: pumzi imekatikia wapi, mabega yamepanda, taya zimekaza, miguu imekufa ganzi. Kisha mnafanya kazi na hayo hayo kwa pumzi, kwa mkao, kwa mwendo, na kwa baadhi ya washauri, kwa kugusa.

Chukua mama aliyekimbia vita ng'ambo ya ziwa. Anasimulia yaliyomkuta kwa sauti tulivu, kama mtu anayetaja bei ya mawese sokoni, huku mikono imekamata pindo la kitenge na kulisokota hadi vidole vinatetemeka. Mshauri anayefuata njia hii atasimamisha simulizi kidogo: "Mama, hebu tuiangalie hii mikono. Inataka kufanya nini?" Anaweza kumwomba akaze zaidi, kisha aachie polepole, asikie visigino vyake vinavyokanyaga sakafu, ndipo waendelee. Sehemu kubwa ya kazi ni hiyo, wiki baada ya wiki. Hakuna maajabu ndani yake.

Si masaji, wala si fiziotherapia ya mtu aliyevunjika mguu. Pia ni tofauti na maombi, ingawa anayekuja anaweza kuwa anafanya yote hayo kwa wakati mmoja.

2. Ilianzia wapi?

Mwanzo wake mara nyingi hutajwa kuwa ni Wilhelm Reich, daktari aliyesoma Vienna na kufanya kazi chini ya Sigmund Freud, mwasisi wa tiba ya kuchambua nafsi kwa maongezi. Katika miaka ya 1920 na 1930 alisema kwamba watu hujikinga na hisia zao kwa kukaza misuli, mpaka mkazo huo unageuka kuwa tabia ya mwili. Wazo hilo limedumu. Baadaye, akiwa Marekani, aliingia kwenye nadharia ya nishati aliyoiita ogoni, ambayo haina msingi wa kisayansi. Mahakama ilipiga marufuku vifaa alivyodai vinakusanya nishati hiyo mwaka 1954, naye akafia gerezani mwaka 1957. Mwanafunzi wake Alexander Lowen aliendeleza mazoezi ya mikao na pumzi yanayoitwa bioenajetiki. Peter Levine na Pat Ogden, wote wa Marekani, wakajenga mbinu zao kwa ajili ya watu wenye kiwewe, yaani jeraha la nafsi linalobaki baada ya tukio la kutisha. Chama cha Ulaya cha tiba hii kilianzishwa mwaka 1988.

Historia hii ina uzito kwenye suala la ushahidi. Kwa miongo mingi fani hii iliendeshwa kwa ushuhuda na kwa heshima ya walimu wakubwa. Upimaji wa kweli umeanza kushika kasi katika karne hii tu, na ndiyo maana bado una mapengo.

3. Mbona hospitali nimepimwa kila kitu hawaoni ugonjwa, lakini moyo unaenda mbio na mwili unawaka moto?

Hakuna swali linalorudi mara nyingi kama hili, na anayeliuliza mara nyingi ameshaambiwa "huna kitu", jambo linalomuumiza zaidi ya ugonjwa wenyewe. Ana kitu. Hofu na huzuni ya muda mrefu vinafanya kazi mwilini moja kwa moja. Ubongo ukiona hatari unaamsha tezi za adrenali zilizo juu ya figo, adrenalini na kotisoli vinaingia kwenye damu, moyo unaongeza kasi, misuli inakaza, mmeng'enyo wa chakula unapungua. Kwa mtu aliyekutana na mamba, mpango huo unaokoa maisha. Shida inakuja pale mwili unapoendelea kuuwasha wakati hatari imeshapita.

Mfikirie mvuvi wa Kibirizi ambaye mtumbwi wake ulipinduka usiku, taa zikazimika, na mwenzake hakuonekana tena. Mwaka mzima umepita. Upepo wa ziwa unaanza kupiga mabati usiku, naye ghafla anatoka jasho, kifua kinabana, mikono inakamata godoro. Hajawaza chochote bado. Mwili umetangulia na mawazo yanafuata nyuma. Ukimwambia mtu huyu "acha kuwaza sana" unamjibu jambo ambalo hakulisema.

Hata hivyo, pima kwanza. Presha, upungufu wa damu, tezi la shingo lenye kasi, malaria na magonjwa ya moyo huleta dalili zinazofanana na hizi. Na ukianza kukonda, kupata homa zisizoisha, kutema au kuharisha damu, rudi hospitali hata kama vipimo vya mwezi uliopita vilikuwa safi.

4. Ni kweli kwamba kumbukumbu za mateso zinakaa kwenye misuli?

Kwa maana ile inayosemwa mtandaoni, hapana. Kumbukumbu huhifadhiwa kwenye ubongo. Kinachotokea mwilini ni mazoea: sauti, harufu au mkao fulani unafungua njia ileile ya hofu, na misuli inakaza kabla hujajua. Kwa hiyo mshauri anayesema "nitakukanda hapa begani, kumbukumbu itoke" anazungumza kwa mafumbo, au anakudanganya.

Utasikia pia nadharia ya mshipa wa fahamu wa vagasi, unaotoka kwenye ubongo hadi moyoni na tumboni, iliyoletwa na Stephen Porges mwaka 1994: kwamba mshipa huo ndio unaoamua kama mwili utulie au uingie kwenye hofu. Washauri wengi wanaipenda kwa sababu inaeleweka kwa urahisi. Wataalamu kadhaa wa fiziolojia wanaipinga, hasa sehemu zake zinazohusu jinsi mshipa huo ulivyobadilika katika historia ya viumbe. Mbinu inaweza kusaidia hata kama maelezo yake yana makosa, lakini usikubali maelezo matamu yachukue nafasi ya matokeo yaliyopimwa.

## Ushahidi wenyewe

5. Kwa jibu fupi: inafanya kazi au haifanyi?

Inaonekana kusaidia, kwa kiasi cha wastani, na ushahidi wake ni mwembamba kuliko wanavyodai wanaoiuza na mnene kuliko wanavyodai wanaoidharau.

Uchambuzi wa pamoja uliochapishwa mwaka 2021 na Jenny Rosendahl na wenzake wa Ujerumani ulikusanya majaribio 18 ambayo wagonjwa walipangwa kwenye makundi kwa bahati nasibu. Kwa ujumla, waliopata tiba hii walipungukiwa dalili na mateso ya nafsi kwa kiwango cha wastani kuliko waliolinganishwa nao. Lakini majaribio mengi yalikuwa na watu wachache, yalitofautiana sana kwa aina ya wagonjwa, na mengine yaliwalinganisha waliotibiwa na watu waliokuwa wanasubiri tu zamu yao. Uzito wa jambo hilo la mwisho uko kwenye swali la 6.

6. Kwa nini mnataka tafiti? Nimewaona watu waliopona kwa macho yangu.

Sitilii shaka kwamba umewaona. Ila watu wengi wenye msongo huja kutafuta msaada siku zao zikiwa mbaya kabisa, na baada ya siku mbaya kabisa, mara nyingi hali hupata nafuu yenyewe. Tena kuna nguvu ya kusikilizwa tu: mtu ametoka Kalinzi kwa daladala, amekaa kwenye kiti saa nzima, kuna mtu amemwangalia usoni bila kuangalia simu. Hilo peke yake linaponya kiasi, hata kama mazoezi ya mwili hayakuongeza kitu.

Ndiyo maana watafiti huunda kundi la kulinganisha. Kundi linalosubiri linaondoa tatizo la kwanza (kupona kwenyewe) lakini haliondoi la pili (kusikilizwa). Ili kujua kama ni *mwili* uliofanya kazi, inabidi kundi la pili nalo lipate muda, mtu mwema na shughuli fulani. Ukiona tangazo linalosema "imethibitishwa kisayansi", uliza jambo moja: walilinganishwa na nani?

7. Kwa watu wenye kiwewe, tafiti zimeonyesha nini?

Jaribio linalotajwa zaidi lilifanyika Israel na kuchapishwa mwaka 2017 na Danny Brom na wenzake. Watu 63 wenye ugonjwa wa kiwewe walipata vikao 15 vya mbinu ya Levine, wengine papo hapo na wengine baada ya kusubiri. Waliotibiwa walipungukiwa sana dalili za kiwewe na za sonona, ile huzuni nzito isiyoisha. Tofauti ilikuwa kubwa. Ila kundi la kulinganisha lilikuwa linasubiri, basi rudi kwenye swali la 6.

Mwaka 2014 huko Marekani, Bessel van der Kolk na wenzake waliwapima wanawake 64 wenye kiwewe cha muda mrefu ambacho tiba nyingine zilikuwa zimeshindwa. Nusu walifanya yoga ya polepole kwa wiki 10, nusu walihudhuria masomo ya afya ya wanawake. Mwishoni, 16 kati ya 31 wa yoga (asilimia 52) hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa, dhidi ya 6 kati ya 29 (asilimia 21). Yoga si tiba ya kisaikolojia, lakini jaribio hili nalipa uzito zaidi kwa sababu kundi la pili nalo lilikutana, lilifundishwa na lilijaliwa.

Pamoja na hayo, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2013 kwa watu wenye ugonjwa wa kiwewe unapendekeza tiba nyingine: tiba ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, na ile ya kusogeza macho, ambamo mtu anakumbuka tukio huku akifuata kwa macho mkono wa mshauri. Hizo ndizo zenye majaribio mengi na makubwa. Ukiwa na nafasi ya kuchagua, anza na hizo.

8. Na sonona je?

Frank Röhricht, Nina Papadopoulos na Stefan Priebe walifanya jaribio London lililochapishwa mwaka 2013 kwa watu 31 wenye sonona sugu. Vikao 20 kwa wiki 10 vilipunguza dalili zaidi ya kusubiri. Watu 31 ni wachache mno kujenga sera juu yao. Kwa tiba ya dansi, uhakiki wa mwaka 2015 wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima majaribio ya tiba, ulipata tafiti 3 tu zenye watu 147, ukahitimisha kwamba hazitoshi kusema ndiyo wala hapana.

9. Nimesikia inatibu skizofrenia. Kweli?

Kisa hiki ningependa kila mshauri akijue, maana kinaonyesha sayansi ikifanya kazi yake sawasawa.

Mwaka 2006 Röhricht na Priebe walichapisha jaribio la wagonjwa 45 wa skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie sauti zisizokuwepo. Walilenga zile dalili zinazowaumiza ndugu kuliko hata kelele na sauti: mgonjwa anakaa kimya pembeni, uso hauna hisia, haamki kufanya lolote. Waliofanya vikao 20 vya mwili wakiwa kikundi waliboreka kuliko waliopata ushauri wa kuongea. Habari ilikuwa njema. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza ulikuwa unahitaji kitu kwa dalili hizo, kwa sababu dawa huzigusa kidogo tu.

Basi wakarudia, safari hii kwa ukubwa: wagonjwa 275 katika vituo kadhaa vya Uingereza, nusu wakifanya tiba ya mwili na nusu mazoezi ya viungo ya Pilates, vikao 20 kila upande. Matokeo yalitoka mwaka 2016. Tofauti kati ya makundi kwenye dalili zile kuu ilikuwa sawa na sifuri. Waliofanya jaribio ni hao hao waliokuwa na matumaini, akiwemo Priebe, na waliyachapisha jinsi yalivyo.

Kwa hiyo jibu ni hapana, kwa ushahidi tulio nao haitibu skizofrenia. Mgonjwa kutoka nje, kunyoosha viungo na kukaa na wenzake ni jambo zuri kwa afya yake, na halihitaji mtaalamu wa gharama. Suala la dawa liko kwenye swali la 15.

10. Na yale maumivu ya mwili mzima yasiyo na sababu?

Hapa ushahidi ni mdogo lakini unatugusa. Mwaka 2006 Marius Nickel na wenzake walichapisha jaribio la wahamiaji 128 kutoka Uturuki waliolazwa kwa maumivu sugu yasiyo na chanzo cha kitabibu. Kundi moja lilifanya mazoezi ya bioenajetiki kwa wiki 6, jingine mazoezi ya kawaida ya viungo. La kwanza lilipata nafuu zaidi. Ninalitaja kwa sababu watu wale walikuwa mbali na kwao, lugha ya daktari haikuwa yao, na shida zao walizieleza kwa mgongo na kichwa kabla ya kuzieleza kwa maneno. Anayefanya kazi kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu atawatambua.

11. Kuna ushahidi wowote wa karibu na sisi, au yote ni ya Wazungu?

Majaribio niliyotaja hadi hapa ni ya Ulaya, Marekani na Israel. Ushahidi mzito wa ukanda wetu ni wa tiba za maongezi, na ni ushahidi wa kujivunia.

Ng'ambo ya ziwa, mashariki mwa Kongo, Judith Bass na wenzake waliwapima wanawake 405 waliofanyiwa ukatili wa kingono. Vijiji vingine vilipata tiba ya kikundi ya kuchambua fikra zinazotokana na kiwewe, vingine msaada wa mtu mmoja mmoja. Miezi 6 baada ya tiba, wenye dalili za sonona au wasiwasi walikuwa asilimia 9 kwenye vijiji vya tiba ya kikundi, na asilimia 42 kwenye vile vingine. Ilichapishwa mwaka 2013. Waliotoa huduma hawakuwa madaktari bali wasaidizi wa kijamii waliofunzwa, na wengi wa wanawake hawakujua kusoma.

Kambi ya Nakivale, Uganda, wakimbizi 277 kutoka Rwanda na Somalia walitibiwa na washauri waliochaguliwa miongoni mwa wakimbizi wenyewe. Waliosimulia maisha yao kwa mpangilio kuanzia utotoni, asilimia 70 hawakuwa tena na ugonjwa wa kiwewe. Waliopata ushauri wa kawaida ilikuwa asilimia 65, waliofuatiliwa tu asilimia 37. Ni kazi ya Frank Neuner na wenzake, mwaka 2008. Na hapa hapa mkoani, kambini Nyarugusu, mpango ulioitwa Nguvu ulijaribiwa kwa wanawake wa Kikongo zaidi ya 300 wanaofanyiwa ukatili na wenza wao. Ulichanganya utetezi na tiba ya fikra.

Sasa angalia vizuri ndani ya mipango hii, utaukuta mwili. Mpango wa Shirika la Afya Duniani uliojaribiwa kwa wanawake 421 wa Nairobi na kuchapishwa mwaka 2017 unaanza na zoezi la kupumua polepole. Ule wa wanawake 694 kutoka Sudan Kusini walioko Rhino Camp, Uganda, uliochapishwa mwaka 2020, unawafundisha kwanza kukanyaga chini na kuhisi miguu yao pale mawazo yanapowachukua. Mipango yote miwili ilipunguza mateso ya nafsi. Mchango wa zoezi la mwili peke yake haukupimwa, kwa hiyo mtu asikunyakulie matokeo haya akasema ni ya mwili. Ila yanatosha kunishawishi kwamba mazoezi ya mwili yana mahali pake ndani ya tiba iliyopimwa, hapa kwetu, kwa watu wetu.

12. Mbona ngoma zetu zilikuwa zinafanya hivyo hivyo?

Kucheza pamoja kuna faida inayopimika. Uchambuzi wa mwaka 2019 wa Sabine Koch na wenzake uliokusanya tafiti 41 za dansi na tiba ya dansi ulipata manufaa ya wastani kwa wasiwasi, sonona na ubora wa maisha. Sitasema kwamba hilo linathibitisha ngoma za kupunga, kwa sababu mganga, maana na masharti yake ni mambo mengine kabisa. Lakini kikundi cha kina mama kinachoanza kikao kwa kuimba na kucheza hakipotezi muda, na mfadhili anayetaka kipengele hicho kifutwe kwenye ratiba angepaswa kuonyeshwa takwimu hizi.

## Ukitaka kuitumia

13. Naweza kufanya kitu nyumbani bila mshauri?

Ndiyo, mazoezi mepesi. Kaa, nyayo zote mbili zikanyage chini. Vuta pumzi kwa puani ukihesabu hadi 4, itoe taratibu ukihesabu hadi 6. Hiyo ni kama pumzi 6 kwa dakika. Moyo hupunguza kasi wakati wa kutoa pumzi, ndiyo maana kutoa kunachukua muda mrefu kuliko kuvuta. Dakika 5 zinatosha. Mama anayeanika dagaa anaweza kulifanya zoezi hili akiwa amesimama, bila mtu kujua.

Usivute kwa nguvu na haraka haraka. Ukifanya hivyo unatoa hewa ya ukaa nyingi kuliko inavyotakiwa, kichwa kinakuwa chepesi, midomo na vidole vinachomachoma, mikono inaweza kukakamaa. Kuna wanaofundisha kwamba hayo ni "maumivu yanatoka". Ni kemia ya damu tu.

Ukifumba macho ukaona picha za yaliyokupata, fumbua. Fanya macho yakiwa wazi, au acha, utafute mtu wa kukaa naye.

14. Lazima niguswe?

Hapana. Kazi nyingi hufanyika bila kugusana. Mahali ambapo mguso unatumika, mshauri anaeleza kwanza atagusa wapi na kwa nini, anasubiri ukubali, na ukisema hapana siku ya tano baada ya kukubali siku nne, hapana hiyo inatosha. Sehemu za siri na matiti haziguswi kabisa, kwa sababu yoyote ile. Kwa aliyefanyiwa ukatili wa kingono ningeshauri kuanza bila mguso wowote. Mshauri anayesema tiba haitafanya kazi usipovua nguo au usipokubali kushikwa, toka, na umtaje kwa viongozi wake au polisi.

15. Naweza kuacha dawa nikianza mazoezi haya?

Usiache. Hakuna hata jaribio moja kati ya niliyotaja linaloonyesha kwamba tiba hii inachukua nafasi ya dawa za skizofrenia, kifafa au ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka. Kuacha ghafla kunarudisha ugonjwa, wakati mwingine kwa ukali kuliko mwanzo. Kama dawa inakuletea usingizi mzito au mwili kukakamaa, mweleze aliyekuandikia. Dozi inaweza kupunguzwa au dawa kubadilishwa. Kwa Kigoma, anzia zahanati au kituo cha afya, uombe rufaa hadi hospitali ya Maweni. Aliye Tabora, hospitali ya Kitete.

16. Nitamjuaje mtoa huduma wa kweli?

Muulize alisoma ushauri au saikolojia wapi kabla ya kujifunza mbinu hii, maana kozi ya wikiendi juu ya mbinu haimfanyi mtu kuwa mshauri. Muulize nani anamsimamia. Muulize mtapimaje kama unaendelea vizuri: mshauri mzuri atakuuliza usingizi, chakula, kazi na dalili mwanzoni, kisha tena baada ya wiki kadhaa. Kwenye majaribio mengi ya tiba hii yaliyotajwa hapa vikao vilikuwa kati ya 15 na 20. Kama umefika nusu ya hapo na hakuna kilichosogea, mna haki ya kubadilisha njia. Anayetaka ulipe vikao 40 kwa mkupuo, mwache.

## Hali za pekee

17. Nina kifafa / presha / mimba. Naruhusiwa?

Kupumua polepole na kuhisi nyayo, ndiyo. Kupumua kwa kasi, hapana: kwa baadhi ya wenye kifafa kunaweza kuamsha degedege, na hospitalini hutumika makusudi kwa ajili hiyo wakati wa kupima ubongo. Mwenye ugonjwa wa moyo au mjamzito aepuke pia mikao migumu ya bioenajetiki ya kusimama umepinda hadi miguu itetemeke.

18. Na yale mazoezi ya kutetemesha mwili yanayofundishwa kwenye semina?

Yanaenezwa na David Berceli, Mmarekani aliyefanya kazi kwenye nchi zenye vita. Tafiti zake ni chache na ndogo kuliko hata zile za maswali ya 7 na 8. Wapo wanaolala vizuri zaidi baada yake. Wapo wanaojaa hofu wakiona mwili unatetemeka bila wao kuuamuru, hasa mbele ya watu 40 kwenye ukumbi. Nisingeyafanya na kundi kubwa la wakimbizi wasiojuana, na nisingeyafanya kabisa bila mtu wa kubaki nao jioni ile.

19. Inafaa kwa watoto?

Mtoto huonyesha kwa mwili: anakojoa kitandani tena, tumbo linauma kila asubuhi ya shule, anaruka akisikia mlango. Tiba yenye ushahidi bora kwa watoto nchini mwetu ni ya fikra na tabia inayolenga kiwewe, iliyojaribiwa kwa yatima 640 wa Moshi na wa Bungoma, Kenya, na kuchapishwa mwaka 2020 na Shannon Dorsey na wenzake. Washauri walikuwa watu wa kawaida waliofunzwa. Ilishinda huduma ya kawaida kwenye maeneo 3 kati ya 4. Moja ya hatua zake za mwanzo ni kumfundisha mtoto kutuliza mwili, kwa hiyo huhitaji kuchagua kati ya mwili na maongezi. Mtoto anayeendelea kufanyiwa ukatili nyumbani anahitaji ulinzi kabla ya mazoezi. Namba 116, simu ya msaada kwa watoto, ni ya bure.

20. Mtu anasema anataka kufa. Tumfanyishe mazoezi ya kupumua?

Pumueni pamoja kama inamtuliza, lakini hiyo si tiba yake kwa leo. Muulize wazi kama amepanga kujiua na kwa njia gani. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Ondoa dawa za kilimo, kamba na visu karibu naye, asibaki peke yake, na mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

21. Boti imezama. Tuwakusanye manusura wote siku ya pili tuwafanyie tiba?

Hapana. Kikao kimoja cha kuwalazimisha watu wasimulie mara baada ya ajali kimechunguzwa, na hakizuii kiwewe. Katika baadhi ya tafiti waliofanyiwa walikuwa na hali mbaya zaidi baadaye. Shirika la Afya Duniani linashauri huduma ya kwanza ya kisaikolojia, na mwongozo wake wa mwaka 2011 unaweza kufuatwa na yeyote aliyefunzwa, awe mwalimu au mjumbe wa mtaa: hakikisha usalama, leta nguo kavu, uji na simu ya kuwasiliana na ndugu, sikiliza anayetaka kuongea, usimchimbe asiyetaka. Anayetetemeka au kuhema, kaa pembeni yake, mwonyeshe kupumua kwa namna ya swali la 13, mkanyage chini pamoja. Wengi watarudi katika hali yao bila tiba. Andikeni majina na mitaa wanayokaa, na baada ya mwezi mmoja wapitieni: wale ambao bado hawalali, wanaokwepa ziwa au wanaoshtuka kwa kila kishindo ndio wa kupelekwa kwa mshauri.